Katuni Inayongoja Mwezi

Leo nataka tuzungumze juu ya katuni. Wapo watakaouliza mtu mzima na katuni wapi na wapi. Nawaomba wanivumilie. Wengi wetu wenye watoto nyumbani tumeshajikuta tumekaa nao mkekani, macho kwenye televisheni, na kipindi kilipokwisha tukasikitika pamoja nao.

Katuni ninayoikusudia si ile ya kila siku, inayopita asubuhi watoto wakisubiri chai. Ni ile iliyotungwa kwa ajili ya sikukuu, ikaoneshwa siku ya sikukuu, kisha ikawekwa kabatini mpaka mwaka mwengine. Katuni ya namna hii ina jambo ambalo zile nyengine hazina: inangojewa. Mtoto anajua inakuja, anajua inakuja lini, na anajua ikipita imepita.

Huko Uswidi, saa 9 alasiri ya tarehe 24 Disemba, njia hupungua watu. Kwa zaidi ya miaka 60 sasa, kila mwaka saa hiyo, televisheni ya taifa huonesha karibu vipande vile vile vya katuni za Donald Duck, ambaye wao humwita Kalle Anka, na za wenzake, na nyumba nzima hukaa kuvitizama, bibi na mjukuu. Wazee wameshayahifadhi maneno. Jipya litakalotokea ni dogo sana, na wala halitakiwi. Tunadhani mtoto siku zote anataka kipya, lakini aliyewahi kumsimulia mjukuu kisa cha sungura na fisi anajua kwamba ukibadilisha neno moja tu unasahihishwa papo hapo. Mtoto hupenda kurudiwa. Na kinachorudi mara moja kwa mwaka humpimia umri wake: mwaka juzi alijificha nyuma ya mama pale penye kutisha, mwaka huu ndiye anayemwambia mdogo wake, usiogope, mwisho wanapatana.

Marekani wanayo nyengine ambayo kisa cha kutengenezwa kwake nakipenda sana. Tarehe 9 Disemba 1965, shirika la CBS lilionesha kwa mara ya kwanza filamu fupi, haifiki nusu saa, iitwayo A Charlie Brown Christmas. Mchoraji alikuwa Charles Schulz, aliyekuwa maarufu kwa michoro yake magazetini. Mtayarishaji Lee Mendelson. Na aliyeifanya michoro itembee ni Bill Melendez. Wakubwa wa shirika walipooneshwa kazi hiyo hawakuridhika. Waliiona inakwenda polepole. Muziki wake ulikuwa jazi ya Vince Guaraldi, piano ya utulivu, wakaona haiwafai watoto. Hapakuwa na vile vicheko vya kubandika ambavyo siku zile kila kipindi cha kuchekesha kilikuwa navyo. Na sauti zilikuwa za watoto wenyewe, si za watu wazima wanaojifanya watoto. Mtoto aliyemsemea Sally alikuwa mdogo hata kusoma hajaweza sawasawa, kwa hiyo alisomewa maneno kipande kwa kipande naye akayafuata, kama wanavyosomeshwa watoto wetu sura fupi chuoni. Ukiisikiliza leo utasikia yale mapumziko madogo kati ya kipande na kipande, na ndiyo yanayokufanya uamini kwamba anayesema ni mtoto kweli.

Usiku ule, karibu nusu ya Wamarekani waliokuwa mbele ya televisheni walikuwa wanaitizama filamu hiyo. Na ndani yake mna nini? Mtoto amenyong'onyea wakati wenzake wote wanafurahi. Anatumwa akanunue mti wa kupamba, anarudi na kijiti kilichokonda, hakiwezi hata kubeba pambo moja. Wenzake wanamcheka. Kisha wanamfuata, wanakipamba kile kijiti mpaka kinapendeza. Basi. Mtoto wa Kengeja, hapa Pemba, ambaye hajaiona Krismasi wala mti wake anaifahamu filamu hii bila ya kufasiriwa, kwa sababu hakuna sikukuu duniani isiyokuwa na mtoto mmoja aliyekaa pembeni.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, 1964, Wamarekani walipata nyengine, ya kulungu mwenye pua nyekundu inayowaka. Ile ilitengenezwa kwa vikaragosi vilivyosogezwa kidogo kidogo mbele ya kamera, na mafundi waliovisogeza walikuwa Tokyo, Japani, nchi ambayo Krismasi si ibada ya watu wake walio wengi. Nao Waingereza, mwaka 1982, walitoa The Snowman, iliyotokana na kitabu cha picha cha Raymond Briggs. Mtoto anatengeneza sanamu la mtu kwa theluji, usiku sanamu linapata uhai, wanaruka pamoja angani, asubuhi mtoto anatoka mbio nje na kulikuta limeyeyuka. Wahusika hawaongei. Sisi hatuna theluji, lakini nani asiyejua sikukuu inavyokwisha? Siku ya nne ya Idi magharibi inaingia, nguo mpya zimeshachafuka, na kesho skuli.

Nimezitizama nyingi, na jambo moja nimeliona katika kadhaa: kisa huwa kinatokea usiku wa kuamkia sikukuu. Si sikukuu yenyewe. Siku yenyewe ina kelele na chakula na wageni, mtoto hana nafasi ya kuwaza. Mkesha ndio wenye mambo. Nguo imetundikwa, haijavaliwa. Chakula kinanukia, hakijaliwa. Mtoto anaambiwa alale na usingizi hauji. Watunzi hodari wanaujua usiku huo, na huingia humo humo.

Sasa utaniambia, hizo zote ni za Krismasi, na sisi Wapemba tulio wengi sikukuu zetu ni Idi mbili na Maulidi. Ni kweli. Lakini Waislamu wenzetu nao hawakukaa bure.

Misri walianza kuonesha katuni ya Bakkar katika Ramadhani ya mwaka 1998. Aliyeiasisi ni mama mmoja mtengenezaji filamu, Mona Abul Nasr. Bakkar ni mtoto mweusi wa Kinubi kutoka kusini, mwenye mbuzi wake aitwaye Rashida, na kwa miaka mingi futari ikishaliwa watoto wa Kairo na wa Aswan walikuwa wanamtizama mtoto wa kijijini. Si jambo dogo. Katika nchi ambayo televisheni yake ilikuwa imezoea sura za mjini, mtoto wa mbali ndiye aliyekuwa shujaa wa mwezi mtukufu.

Dubai, Ramadhani ya mwaka 2006, akatokea kijana Mohammed Saeed Harib na katuni yake ya Freej. Mashujaa wake si watoto hata kidogo, ni vibibi vinne vya mtaani: Um Saeed, Um Saloom, Um Allawi na Um Khammas. Wamevaa barakoa zao, wanakunywa kahawa, wanaugombeza ulimwengu mpya wa majengo marefu unaowazunguka. Na wanasema Kiarabu cha kwao, cha nyumbani, si cha taarifa ya habari. Jamaa zetu walioko Ghuba wanaijua vizuri. Siri yake ni kwamba mtoto alikuwa anamuona bibi yake, na bibi alikuwa anajiona mwenyewe, kwa hivyo wote wawili walikaa chumba kimoja.

Lakini inayonigusa zaidi ni ya Malaysia. Septemba 2007, Ramadhani ilipoingia, stesheni ya TV9 ilianza kuonesha vipindi sita vifupi vya Upin & Ipin, kazi ya kampuni iliyokuwa changa wakati huo, Les' Copaque. Upin na Ipin ni mapacha wa miaka mitano, yatima, wanalelewa kijijini na dada yao mkubwa Ros na bibi yao. Nyumba ya mbao iliyoinuliwa juu ya nguzo, minazi, kuku wanaopita uani. Kipindi cha kwanza ni usiku wa kuamkia kufunga. Kisha inakuja njaa, vinakuja vishawishi, inakuja tarawehe, mpaka tunafika mkesha wa Idi na Idi yenyewe. Hakuna jitu wala mchawi wala vita. Adui wa kisa ni njaa ya mtoto wa miaka mitano, na yeyote aliyewahi kuwa na mtoto anayefunga kwa mara ya kwanza, anayeuliza kila baada ya dakika tano adhana bado, anajua adui huyo ana nguvu kiasi gani. Vipindi hivyo vilikusudiwa Ramadhani ile tu. Watu wakavipenda, wakataka zaidi, na mapacha hao wapo mpaka leo, wanajulikana nchi nyingi.

Ukitizama kile kijiji, ukaondoa mito na milima yake, utadhani uko Mzambarauni au Makangale. Ndiyo maana kila nikikitizama hujiuliza: wa kwetu wako wapi?

Maana sikukuu tunayo, tena si ya siku moja. Kwetu sikukuu ni siku nne: mosi, pili, tatu na nne. Asubuhi swala, kisha watoto nyumba kwa nyumba, kanzu na kofia mpya, magauni yanayometa, viganja vina hina na piko, shikamoo na marahaba, na mkono wa Idi unaingia mfukoni. Alasiri watoto wanamiminika viwanjani, wa Chake Tibirinzi, wa Mkoani Umoja ni Nguvu: pembea, malai, maputo, miwani ya plastiki ya rangi zote ambayo haifiki siku ya tatu kabla haijavunjika mkono. Katika mambo yote ya sikukuu, kilichokosekana ni hicho kimoja: cha kutizama kilicho chao.

Na wala si kwamba televisheni ni mgeni kwetu. Zanzibar ilikuwa na televisheni, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati wenzetu wa Bara walisubiri mpaka mwaka 1994. Sisi huku Pemba kikwazo chetu kilikuwa umeme. Kisiwa kizima kilitegemea majenereta ya dizeli, na mtu akiwasha televisheni alikuwa hana uhakika wa kuizima mwenyewe. Mwaka 2010 waya mkubwa ulipitishwa chini ya bahari kutoka Tanga, kwa msaada wa Norway, na tangu hapo mambo yakabadilika. Vikaja ving'amuzi, zikaja simu za kupangusa. Leo mtoto wa Pemba anaona katuni za dunia nzima.

Nilikuwa Wete sikukuu pili, katika nyumba ya jamaa zangu. Viatu vipya vimejaa mlangoni, watoto wamelala kifudifudi kwenye jamvi. Mmoja, mdogo kuliko wote, alikuwa ameifumbata noti yake ya mkono wa Idi, na muda wote wa katuni hakufungua ngumi. Akicheka, ngumi inacheka naye. Paka na panya walikuwa wanafukuzana, ile ya zamani isiyokuwa na maneno ambayo kila mtu anaijua. Bibi wa nyumba ile alikuwa kitini nyuma yao, kanga mpya, anatizama kimya. Akatizama kwa muda, kisha akauliza, si kwa kuchekesha, anataka kujua hasa: "Na hawa leo kwao si sikukuu?"

Hapana aliyemjibu. Mimi nilikosa la kusema, na swali lake ndilo lililonileta hapa mbele ya kipaza sauti. Nyumba nzima ilikuwa katika sikukuu, kuanzia kizingiti mpaka jikoni, isipokuwa pale ukutani penye televisheni. Pale palikuwa siku kama siku nyengine.

Tena tunaacha kitu ambacho watunzi wa Krismasi wangekitamani. Wao mkesha wao una tarehe. Kila mtu anajua tangu Januari kwamba sikukuu ni tarehe 25 Disemba. Wetu hauna. Ramadhani ikifika 29, hakuna ajuaye kama kesho ni sikukuu au ni kufunga tena. Fikirini, wapenzi wasikilizaji, kisa kilichoje kimelala hapo! Watoto wamepanda kilimani, nyuso magharibi, jua linazama upande wa Bara, mara mmoja anapiga kelele, "Mie nshauona! Ule pale!" Wakubwa wanakuja, wanamsaili: umeuona wapi, pembe zake zimeelekea wapi, nani mwengine kauona? Mwenzake aliyesimama naye anasema hakuona kitu, ni wingu. Huku nyumbani mama ana maamuzi mawili jikoni: akande unga wa kaimati na aloweke mchele wa pilau, au apike kitu cha daku. Wengine hufanya yote mawili. Redio imewekwa dirishani, inasubiriwa kauli ya Ofisi ya Mufti, na kila wimbo unaopigwa katikati unaonekana mrefu.

Na fundi cherehani! Huyo peke yake anatosha kuwa katuni nzima. Ana kanzu zimerundikana, nyengine hazijatiwa hata kola, na wenyewe wamekaa barazani kwake wanamwangalia mikono. Yeye moyoni anaomba mwezi uandame thelathini, apate siku moja zaidi. Mtoto anaomba uandame leo. Lakini kanzu ya mtoto huyo huyo iko chini kabisa ya lile rundo. Sasa akiuona mwezi, atasema? Nipeni mtunzi wa kisa cha watoto, popote alipo, mumwambie hivyo, muone kama hatatafuta kalamu.

Kuna jambo jengine ambalo sitalipita, kwa sababu watoto wetu wanaliona kwa macho yao. Huku kwetu hutokea Idi ikaliwa siku mbili mbalimbali. Wapo wanaofuata mwezi ulioonekana popote duniani, wapo wanaosubiri wa hapa. Nyumba mbili zinazotazamana mlango kwa mlango, huku wanakula, kule wanafunga. Wakubwa wana hoja zao na kila mmoja ana kitabu chake, na mimi si mtu wa kuwahukumu. Lakini mtunzi mwenye busara angeweza kumuonesha mtoto tu, amevaa kanzu mpya, amebeba sahani ya pilau imefunikwa kawa, anavuka njia kutoka nyumba iliyokwishakula Idi kwenda kwa bibi yake anayefunga, na bibi anaipokea, anaiweka juu ya meza kungoja magharibi. Hayo hutokea kweli, nimeyaona Pemba hii hii. Hakuna hotuba itakayomueleza mtoto jambo hilo kwa upole zaidi.

Mtu atasema, maneno mazuri, lakini katuni ni kazi ya Wazungu na Wajapani. Si kweli tena, na muda mrefu sasa. Dar es Salaam kuna Ubongo, taasisi iliyoanzishwa mwaka 2013, na katuni yake ya Ubongo Kids ikaanza kuonekana TBC mwanzoni mwa mwaka 2014, Kiswahili kitupu, hesabu na sayansi ndani ya visa na nyimbo. Baadaye wakaleta Akili, mtoto wa kike wa miaka minne anayeishi chini ya mlima Kilimanjaro, ambaye akilala huingia katika nchi ya ndoto kucheza na wanyama. Watoto wa Pemba wanaimba nyimbo za Akili, nimewasikia. Nairobi, studio ya Homeboyz ndiyo iliyochora Tinga Tinga Tales, zikaanza kuoneshwa Uingereza mwaka 2010: hadithi za wanyama wa Kiafrika kwa mtindo wa rangi wa Edward Saidi Tingatinga, yule mzaliwa wa Tunduru aliyepaka picha zake kwa rangi za mafuta Dar es Salaam na akafariki mwaka 1972 akiwa bado kijana. Na mwaka 2023, mkusanyo wa filamu fupi za Kiafrika uliopewa jina la Kiswahili, Kizazi Moto, ulitoka Disney, ndani yake mna kazi ya Raymond Malinga wa Kampala na ya Ng'endo Mukii wa Kenya. Ufundi upo jirani, wa kuufuata kwa boti.

Kazi ni kubwa, sitaki kuidogosha. Ukichora picha 12 kwa kila sekunde, kiwango ambacho jicho linakubali kwamba kitu kinatembea, basi katuni ya dakika 10 inataka picha 7,200. Zamani kila moja ilichorwa kwa mkono. Siku hizi mhusika hukatwa vipande ndani ya kompyuta, kichwa mbali, mkono mbali, mguu mbali, kisha vikasogezwa, na mandhari moja ikatumika mara nyingi. Ndiyo maana kikundi kidogo chenye kompyuta chache kinaweza kumaliza kazi ambayo zamani ilihitaji watu mia. Vijana wetu wanaosoma kompyuta hapa kisiwani, pamoja na wale wa Chuo Kikuu cha Taifa pale Mchangamdogo, hawashindwi kujifunza. Fedha zitahitajika, na nadhani kampuni zinazolipia matangazo ya kutakia watu Idi njema zinaweza kuombwa.

Najua pia kuna masheikh wetu wenye hadhari juu ya picha na muziki, na hadhari yao inatoka katika dini, si katika ubishi. Wakae na watunzi tangu mwanzo. Katuni haihitaji magitaa. Dufu lipo, kasida zipo, na ile ngoma ya kuamshia daku inayopita uchochoroni usiku wa manane, ukiisikia tu unajua ni Ramadhani, hata ukiwa umefumba macho.

Wahusika ninao wengi kichwani, lakini mmoja simuachii mtu: popo wa Pemba. Mnyama huyu hapatikani mahali pengine popote duniani isipokuwa kisiwa hiki. Miaka ya 1990 wataalamu walikuwa na hofu kwamba anatoweka, kwa kuwindwa na kwa misitu kukatwa. Watu wa Kidike na vijiji vyengine wakaamua kumhifadhi, na leo wamerudi kwa maelfu, wamening'inia mitini mchana kutwa na manyoya yao ya rangi ya chungu. Popo huyu anatoka wakati gani? Magharibi, kiza kinapoanza, wakati ule ule watu wanapoangaza macho kutafuta mwezi. Yeye yuko juu angani. Kama kuna kiumbe Pemba anayejua mwezi umeandama au haukuandama, ni yeye. Mtoto wa kilimani ambaye hakuna aliyemsadiki na popo aliyeuona mwezi lakini hana lugha ya kutoa ushahidi: hao wawili wakikutana, kisa kimeshaanza.

Na waseme Kipemba. Hili nalishikilia. Vile vibibi vya Dubai visingependwa vile kama vingeongea Kiarabu cha vitabuni. Watoto wetu wamezoea kusikia katuni zinazosema kama watu wa Dar au kama watangazaji, na wanafahamu, hapana ubaya. Lakini siku ya sikukuu nataka wasikie mtoto wa kwenye katuni anasema "mie" na "nnakwenda" kama wanavyosema wao uani, na bibi yake anamgombeza kama anavyogombeza bibi wa Kiuyu. Sauti zitafutwe skuli za hapa hapa. Asiyejua kusoma asomewe maneno, ayafuate.

Kwa hiyo ombi langu kwa wenzangu wa televisheni ya ZBC, kwa vijana wa kompyuta, na kwa yeyote anayetunga: dakika 10, si zaidi. Iwe tayari Shaaban, kabla ya vunja jungu. Wala isitangazwe tarehe ya kuoneshwa, kwani nayo itangoje mwezi pamoja na watu. Kauli ya Mufti ikishatoka, ndipo watoto waambiwe kesho ipo. Ioneshwe siku zote nne, ile ile, kisha ifungiwe mpaka Idi ya mwaka mwengine hata wakililia. Na saa yake ni saa 8 mchana: pilau limeshaliwa, jua bado kali, na hakuna mtoto anayeruhusiwa kutoka kwenda Tibirinzi kabla ya alasiri.